Sekunde 20 za mayai ya Sydney

Foleni ya Jumapili nje ya mgahawa wa bills, Darlinghurst, Sydney, wengi huiita kazi ya sifa. Kwangu ni kazi ya jiko. Bill Granger alipoufungua mwaka 1993 hakuwa amesomea upishi, na masharti ya halmashauri yalimbana asifungue usiku. Ikabidi mapato yote yatoke kwenye kifungua kinywa na chakula cha mchana. Nafasi nayo ilikuwa finyu, akaweka meza moja kubwa, wasiojuana wakala pamoja. Kwa mgahawa wa namna hiyo, chakula kinachokaa jikoni nusu saa kingeua biashara. Kilitakiwa kitu cha kuiva upesi ambacho mteja hakipati nyumbani.

Tazama mayai yake ya kuvuruga. Kwa mtu mmoja ni mayai mawili, theluthi ya kikombe cha krimu, chumvi kidogo na gramu 10 za siagi. Siagi ikiyeyuka, mayai humiminwa na kuachwa sekunde 20 bila kuguswa. Kisha mwiko wa mbao huyavuta kutoka ukingoni kuja katikati, yakunjwe tu, yasikorogwe. Yanatulizwa sekunde 20 nyingine, yanakunjwa tena, na kuepuliwa yangali na majimaji, maana joto lililobaki litayamalizia. Ukikoroga mfululizo utapata chengachenga kavu. Ukisubiri, yanakuja mapande mapana, laini. Atakayesema siri ni krimu tu yuko sahihi kwa sehemu: mafuta yake huzuia protini za yai zisikazane. Lakini krimu hiyohiyo haiokoi mayai ya watu wanane yaliyorundikwa kikaango kimoja, yatachuja maji. Granger mwenyewe aliagiza kwamba wakizidi watu wawili, yapikwe kwa mafungu.

Wapo wanaodai kuwa umaarufu wa mayai haya umeletwa na picha za mitandaoni. Tarehe zinawakatalia. Mwaka 2002, R. W. Apple wa New York Times alikwishayasifu mayai hayo, na tawi la Shichirigahama, Japani, lilifunguliwa 2008. Instagram ilianza 2010. Hoja nzito zaidi ni ya anayeuliza kwa nini asubiri mlangoni kwa chakula cha dakika chache. Jibu limo katika mafungu yale: kila kikaango kinahudumia mtu mmoja au wawili, kwa hiyo anayetaka kufupisha foleni ataongeza majiko na wapishi, si mayai kikaangoni.