Neno Kabla ya Kidonge

Mgonjwa akianza dozi ya kifua kikuu, mkojo wake hugeuka rangi ya chungwa, wakati mwingine ukaelekea wekundu. Ni rifampisini, mojawapo ya dawa za dozi hiyo, inatoka mwilini, haidhuru. Lakini hapa Malampaka, wilayani Maswa, kichocho tunakijua tangu utotoni, na mtu akiona mkojo wa namna hiyo jibu analo tayari: damu. Asipoonywa mapema, vidonge ataviweka kando na dozi ya miezi 6 itaishia hapo. Muuguzi hodari humwambia siku ya kwanza, kabla hajampa hata kidonge kimoja. Akingoja aje kuuliza, huenda asije.

Sehemu hii ya uuguzi ndiyo ninayoihusudu. Kujua dawa inatibu nini, hilo limeandikwa kwenye boksi. Kujua itamfanyia nini huyu mama aliyetembea kutoka mashamba ya pamba, anakula nini, anaogopa nini, hilo ni ufundi. Tazama mseto wa malaria. Mtu mzima humeza vidonge 4 mara 6 kwa siku 3, na dozi ya pili huja saa 8 baada ya ya kwanza. Dawa hii bila chakula chenye mafuta hufyonzwa kidogo, kwa hiyo muuguzi wa Usukuma hahubiri lishe, anauliza tu, “Mayu, maziwa yapo nyumbani? Karanga je?” Kisha anasema mtoto akitapika kabla ya nusu saa, apewe dozi ile tena. Wazee wenye kumbukumbu ya klorokwini, iliyoachwa kuwa dawa ya kwanza ya malaria nchini mwaka 2001, wanamuuliza kama hii nayo inawasha mwili mzima. Swali lao lina haki yake, naye hulijibu bila kucheka.

Lakini ukitaka kuuona ufundi wenyewe, nenda wodi ya wazazi, alipo mama mwenye kifafa cha mimba. Dawa yake ni magnesiamu salfeti. Utafiti mkubwa wa mwaka 2002, uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba kwa wenye dalili za hatari inapunguza uwezekano wa degedege kwa zaidi ya nusu. Ni chumvi ya bei ndogo, na inaua ikizidi. Kwanza gramu 4 huingizwa kwenye mshipa polepole, kisha gramu 5 kila tako. Mama huambiwa kabla kwamba atahisi joto likimpanda mwilini, asidhani anakufa. Baadaye hupigwa gramu 5 kila baada ya saa 4, na kila mara muuguzi hana ruhusa ya kugusa sindano kabla ya kukagua mambo matatu. Pumzi zisipungue 16 kwa dakika. Mkojo usipungue mililita 30 kwa saa, maana dawa hutoka kupitia figo, na figo zikilala dawa inarundikana. Na goti: analigonga kwa nyundo ndogo ya mpira, isipokuwepo kwa ubavu wa kiganja, aone mguu ukiruka. Goti huacha kuruka kabla pumzi haijaanza kufifia. Aliyegundua kwamba hatari hupita gotini kwanza aliwapa wauguzi muda wa kuokoa mtu. Goti lisiporuka, dozi inasimamishwa, na kalisiamu glukoneti, ambayo ilipaswa kuwa mezani tangu mwanzo, ipo tayari ikiwa pumzi zitadhoofika.

Kwa wagonjwa wa presha kazi ni ya kimyakimya zaidi. Amlodipini huvimbisha vifundo vya miguu. Kaptoprili huleta kikohozi kikavu kisichosikia dawa yoyote ya maji. Nimeona watu wakinunua chupa baada ya chupa za dawa ya kifua dukani, kumbe chanzo wanakimeza kila siku. Muuguzi mzuri akisikia kikohozi cha majuma mengi anafikiria kifua kikuu, kama inavyopasa, ila anauliza pia: “Unameza dawa gani nyingine, baba?” Halafu anaomba aletewe vipakiti vyenyewe, kwa sababu “kile cheupe cha presha” kinaweza kuwa chochote.

Wajawazito nao wana vidonge vya kuongeza damu, vinavyotia choo weusi na kukikausha. Wengi huvitupa kwa ajili hiyo. Kuambiwa mapema kwamba choo kitakuwa cheusi, wanywe maji ya kutosha, na wavimeze mbali na chai, huchukua dakika moja hata foleni ikiwa imefika nje ya mlango.