Jiko Lipimwe kwa Mwiko

Tumezoea kuhakiki vitabu, nyimbo na tamthilia, na bila shaka yupo msomaji atakayeuliza jiko la gesi limeingiaje katika kurasa hizi. Nasema limeingia kwa mlango halali. Jiko limebuniwa na mtu mwenye mawazo yake juu ya nani atapika, atapika nini, na nani atalibeba, na mawazo hayo yamo ndani ya chuma kama ya mwandishi yalivyomo kitabuni. Sisi wa Moshi tuna sababu ya ziada ya kuyasoma. Mji huu hupeleka majiko mlimani karibu kila siku, machache juu ya magari, na mengi zaidi juu ya vichwa na mabega ya vijana wetu.

Nianze na lile linalosifiwa sana ughaibuni. Marekani wapo watu wasafirio na magari yenye vitanda, choo na jiko ndani yake. Wakifika kambini hutoa meza, na juu ya meza huweka ama wavu wa kuchomea nyama ama bati pana la kukaangia, vyote vikiwashwa kwa gesi ya propeni kutoka kichupa kidogo cha chuma chenye gesi isiyofika nusu kilo. Kampuni kama Coleman, Weber na Blackstone zimejipatia jina kwa vyombo hivi, na wageni wengine wafikapo kwetu na magari yao huja navyo.

Bati nalisifu. Ni chombo kisichodanganya. Moto wa gesi unapita chini yake, joto linaenea, na juu yake unaweza kupanga chapati, mayai, vitunguu na vipande vya nyama kwa pamoja. Mama yeyote wa Kiboriloni auzaye chapati angelielewa kwa kulitazama mara moja tu. Wavu wa gesi ndio unaonitia mashaka. Husifiwa kwamba huleta ladha ya nyama choma, lakini gesi yenyewe haina moshi wa kuipa nyama ladha. Moshi unaopatikana ni wa mafuta yanayodondokea chuma cha moto, na ukiondoka na nyama isiyo na mafuta, umepika nyama ya kuoka. Mtu aliyekula mbuzi wa mkaa kandokando ya barabara ya Himo hahitaji mimi nimweleze tofauti. Basi mwenye gari, anayekwenda kulala kambini Marangu na familia yake siku mbili, achukue bati, aache wavu, na mkaa auweke kwa siku ya nyama.

Lakini hata bati hilo lina kasoro moja likifika hapa: kichupa chake. Ndege za abiria haziruhusu kupakia gesi, kwa hiyo mgeni huja na jiko pasipo moto. Nyuzi za koki yake hazilingani na mitungi yetu, na fundi atakayejitolea kuunganisha kwa kukazia mpira na waya anafanya kazi ambayo ningemwomba asiifanye. Atakaye jiko la safari hapa kwetu hapana budi aanze na mtungi unaojazwa hapa kwetu, ndipo achague kinachokaa juu yake.

Tukipanda mlimani, hoja inabadilika. Pale hakuna gari. Na pale ndipo uhakiki wa jiko unapokuwa jambo zito, maana kila gramu ya chuma ina mwenyewe anayeibeba.

Msafara wa wageni wanne waweza kuwa na wapagazi 10 na zaidi, pamoja na mpishi na viongozi wao. Katika maelezo ya safari utasoma juu ya supu, pankeki na matunda ya wageni. Ugali wa wapagazi hauandikwi. Hata hivyo ugali ndio chakula kikubwa kinachopikwa pale, na ndio mtihani ambao majiko mengi ya kambi hushindwa. Chai haisumbui jiko. Wala supu haisumbui. Ugali wa watu 15 unataka sufuria pana, moto usiotikisika, na mtu aliyeushika mwiko kwa mikono miwili huku amelielemea jiko kwa uzito wa mwili wake. Jiko lililobuniwa kuchemsha nusu lita ya maji kwa mpanda milima mmoja wa Ulaya, lenye miguu mitatu mfano wa panzi, halikuwahi kumfikiria mtu huyu.

Kuna kadhalika ule mtungi mdogo wa kilo 6 wenye kichwa cha moto kilichofungwa moja kwa moja juu yake. Majumbani umetusaidia sana, na wanafunzi wa vyumba vya kupanga wanaujua vizuri. Kwa mlima nauona una kosa la umbo. Ni mrefu na mwembamba kuliko sufuria unalolibeba, na mtu akisonga ugali juu yake kwenye udongo wa mteremko, mtungi unayumba pamoja na mwiko. Mpishi mmoja mkongwe alinieleza kwamba jiko jipya yeye hulipima kwa kuliegemea kwa viganja viwili kabla ya kuuliza bei. Sijapata kusoma kipimo bora zaidi ya hicho katika karatasi yoyote ya maelezo.

Ninalolipendelea, basi, ni jiko fupi la chuma la pleti mbili, lenye mpira na rigileta, mtungi ukiwa umesimama pembeni. Linakaa chini kama mafiga. Ugali unasongwa upande mmoja na maji ya wageni yanachemka upande wa pili, jambo ambalo lina maana kuliko lionekanavyo: penye moto mmoja, atakayengoja ni mpagazi. Chakula chake hupikwa baada ya wageni kushiba, na giza likishaingia. Uadilifu wa kampuni ya utalii waweza kuujua kwa kuhesabu mioto iliyomo katika hema la jiko.

Atakayenipinga atasema kuwa jiko hilo ni zito. Kweli, na hoja ya uzito sitaki kuipita haraka. Kikomo cha mzigo wa mpagazi katika Hifadhi ya Kilimanjaro ni kilo 20, na mizigo hupimwa langoni. Sasa, neno "kilo 6" lililoandikwa ubavuni mwa mtungi ni la gesi tu. Ganda la chuma lina uzito wake, uliogongwa kwenye kola ya mtungi, na aghalabu hufikia au kupita uzito wa gesi iliyomo. Ukijumlisha, mtungi "wa kilo 6" hula zaidi ya nusu ya kikomo cha mtu mmoja kabla hajawekewa unga wala viazi. Wauzaji hulitangaza jiko kuwa ni jepesi bila kuutaja mtungi, kama mtu asifuye wepesi wa kisu na kusahau kwamba kinauzwa pamoja na panga. Anayepanga safari ajumlishe jiko, rigileta, mpira na mtungi uliojaa, kisha agawe kwa mabega aliyonayo. Akiona hayatoshi, aongeze mpagazi. Wapo wanaoliondoa sufuria kubwa na kuwalisha wapagazi mlo mmoja mkavu kwa siku. Hapo jiko limechaguliwa vizuri kwa macho ya mhasibu.

Kuhusu baridi, mengi husemwa kwa kubahatisha. Gesi yetu ya kupikia ni mchanganyiko wa propeni na buteni. Propeni hugeuka mvuke hata katika nyuzi 42 za Selsiasi chini ya sifuri. Buteni, kwa kipimo cha usawa wa bahari, husita karibu na sifuri. Kilimani hewa ni nyepesi, na jambo hilo humsaidia kidogo mpishi kwa sababu gesi huchemka kwa urahisi zaidi. Lakini kambi ya Barafu, iliyo kwenye mita 4,670 hivi, usiku huganda. Isitoshe mtungi wenyewe hupoa kadiri unavyotumika, mpaka unaota umande wa barafu nje. Propeni hutangulia kutoka, buteni hubaki. Ndiyo maana mpishi huutikisa mtungi alfajiri, akasikia majimaji ndani, na moto ukawa mdogo kama wa kibatari. Mtungi usimamishwe juu ya ubao au gunia badala ya jiwe baridi, na ukihitaji kusaidiwa, maji ya uvuguvugu yatosha. Kuuchemsha juu ya moto mwingine ni kutafuta msiba. Na kizuizi cha upepo kizunguke moto, kisiuzunguke mtungi.

Maji nayo yana desturi zake kule. Hapa mjini huchemka karibu na nyuzi 97. Barafu huchemka yapata nyuzi 85. Maharage hayajali moto wako ni mkali kiasi gani, hayaivi kwa joto hilo, na anayeyapeleka mabichi anapeleka gesi ya kupoteza. Wapishi wajuzi huyachemsha bondeni au hutumia sufuria ya presha. Kuna na jambo la Karanga: kwa wanaopita njia ya Machame, hiyo ndiyo kambi ya mwisho yenye maji, na ya kutumia Barafu hubebwa kutoka hapo. Kifuniko cha sufuria, ambacho hakuna duka linalokitangaza, huokoa gesi na maji vilevile.

Wazee watasema zamani tulipika kwa kuni na stovu ya kupampu na mlima ukawepo. Stovu naiheshimu, Msweden Frans Wilhelm Lindqvist aliibuni mwaka 1892, na mpaka leo ni vyombo vichache vyenye nguvu kama yake mahali pa baridi. Ila mafuta ya taa yakimwagika katika gunia la mchele, wapagazi ndio watakaoula huo mchele. Ama kuni, hilo limeamuliwa na mlima wenyewe. Tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulizuka eneo la Whona, baina ya Mandara na Horombo, ukaunguza vichaka vya nyanda za juu kwa siku nyingi, yapata kilometa za mraba 95. Taarifa ya mwanzo ya TANAPA ilisema dalili zinaonyesha ulianzia kwa wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Mjini nilisikia watu wengi wakimzungumzia mpagazi. Sikusikia aliyeuliza alikuwa amepewa jiko gani, lenye miguu gani, na kama alipewa bati la kuweka chini yake ili majani yasishike. Maswali hayo si ya kumtetea mzembe. Ni maswali ambayo angeulizwa mwenye mgahawa wowote ukiungua.

Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Mitungi midogo imezagaa mpaka Old Moshi na Kibosho, na ni vyema. Lakini tuliyojifunza sebuleni tusiyapeleke mlimani bila kufikiri. Nyumbani dirisha liko wazi. Katika hema la jiko, mvua inaponyesha, zipu hufungwa, na moto wowote ndani ya hema lililofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Gesi ikivuja unainusa, kwa kuwa imetiwa harufu makusudi, nayo ni nzito kuliko hewa, hivyo hukusanyika chini. Hewa ya moto mbovu hainusiki. Hema lenye mlango mmoja tu halifai kuwa jiko, na mtu asilale ndani yake moto ukiwaka hata kama nje kuna theluji.

Limebaki jambo moja dogo. Mtungi ulioisha hauishi uzito. Kileleni wageni hupiga picha, kisha msafara hushuka hadi lango la Mweka, na ganda lile la chuma hushuka nao juu ya kichwa cha mtu yuleyule, likigonga kidogo kwa ndani kila anaporuka mzizi.