Vifundo vya Mikono vya Ernie Banks

Mpira wa besiboli una uzito wa gramu 145 hivi, na mrushaji huutupa kutoka umbali wa mita 18 na ushee. Anayeusubiri na gongo mkononi hana hata nusu sekunde ya kuamua. Humo ndani ya nusu sekunde inabidi auone, aujue kama umenyooka au umepinda, kisha aukute kwa mti wa mviringo. Akiukuta sawasawa ukavuka ukuta wa uwanja, hiyo ndiyo homurani, pigo linalowarudisha nyumbani yeye na wenzake wote waliokuwa wakisubiri kwenye vituo.

Mtu angedhani kazi hiyo ni ya majitu yenye vifua kama mapipa. Ernie Banks hakuwa jitu. Alikuwa mrefu, mwembamba, wa kilo themanini na kidogo. Nguvu zake zilikaa katika vifundo vya mikono. Alisimama ametulia, gongo limeinuliwa juu, akauacha mpira ukaribie kuliko wengi walivyothubutu kuuacha; halafu mikono ikageuka mara moja, kama mtu anayekung'uta maji vidoleni, na mpira ulikuwa umeshaondoka.

Alizaliwa Dallas, Texas, mwaka 1931. Baba yake, Eddie, aliwahi kucheza katika timu za watu weusi za huko, na ilimbidi amhonge mwanawe visenti ili akubali kurushiana naye mpira. Shule yake ya sekondari haikuwa hata na timu ya besiboli. Mwaka 1950 akachukuliwa na Kansas City Monarchs, timu ya ligi ya watu weusi, akaenda jeshini, akarudi. Tarehe 17 Septemba 1953 akawa mchezaji wa kwanza mweusi kuichezea Chicago Cubs, timu ya ligi kuu. Jackie Robinson, mchezaji mwingine mweusi, alikuwa amekwisha kuuvunja ukuta wa ubaguzi wa ligi hiyo tangu 1947. Cubs walichelewa miaka sita, na sioni sababu ya kuulainisha ukweli huo.

Mwaka 1954 alipiga homurani 19. Mwaka uliofuata alishika gongo jepesi zaidi, la aunsi 31, yaani chini kidogo ya gramu 880, akapiga 44. Hapo pana somo zima la ufundi. Gongo zito humpa mpigaji kishindo, lakini humnyima wakati. Banks alichagua wakati, mikono yake ikamletea kishindo.

Na alikuwa akicheza wapi? Katika nafasi ya shotistopu, kati ya kituo cha pili na cha tatu, mahali penye kazi ngumu kuliko zote za ulinzi wa ndani. Mipira huja ikitambaa chini kwa kasi, mingine ikirukaruka kwenye udongo, na mlinzi lazima aidake, ageuke, airushe hadi kituo cha kwanza kabla mkimbiaji hajafika. Enzi hizo nafasi hiyo waliachiwa watu wadogo wepesi wa miguu, na hakuna aliyewadai mapigo makubwa. Banks alifanya yote mawili. Kuanzia 1955 hadi 1960 alipiga homurani 248, nyingi kuliko mchezaji yeyote wa ligi kuu katika miaka hiyo, na humo walikuwamo wapigaji mashuhuri kama Mickey Mantle, Willie Mays na Hank Aaron. Mwaka 1959 alifanya makosa 12 tu ya ulinzi msimu mzima, na hadi wakati huo hapakuwa na shotistopu aliyefanya machache kuliko hayo. Alichaguliwa mchezaji bora wa ligi yake mwaka 1958 na tena 1959, ilhali miaka yote miwili timu yake ilipoteza mechi nyingi kuliko ilizoshinda.

Magoti yalipochoka alihamishiwa kituo cha kwanza, akaendelea. Alistaafu mwaka 1971 akiwa na homurani 512 katika mechi 2,528, zote akiwa na Cubs. Hakucheza hata mechi moja ya fainali. Mwaka 1969 Cubs waliongoza msimamo kwa miezi mingi, hadi Septemba New York Mets walipowapita.

Wapo wanaosema maisha ya namna hiyo yana pengo. Siwakubali. Seremala hapimwi kwa nyumba ambamo mlango wake umekwenda kutiwa. Uwanja wa Cubs, Wrigley Field, haukuwa na taa hadi 1988, kwa hiyo Banks aliifanya kazi yake ya nyumbani mchana, juani, na kila siku njema aliwaambia wenzake kwamba siku kama hii yafaa tucheze mechi mbili. Maneno hayo aliyasema katika timu iliyokuwa ikifungwa. Mtu anayeipenda kazi yake kwa kiasi hicho hadai kombe ndipo aamini kwamba ameifanya vizuri.

Filamu zake za zamani bado zipo. Ukizipata, usiufuate mpira unapopaa, maana hapo jambo limekwisha kutendeka. Tazama kabla ya hapo, mrushaji anapojiandaa: mwili wote wa Banks umetulia, ila vidole vyake vinachezacheza juu ya mpini wa gongo, kimoja baada ya kingine. Vitazame hivyo.