Mwani Mweupe si Mwani Safi

Sifa za weupe zimenichosha. Juzi kwenye maonyesho mgeni kainua shada la mwani wa kotonii lililopauka, akalisifu kwa usafi, na watu wakampigia makofi. Mwani ule ulinyeshewa chanjani! Mvua huondoa rangi na chumvi, na ubora wa ute hushuka. Halafu mtu huyohuyo akasema ute wa kotonii ni aga. Aga hutoka kwa akina Gracilaria na Gelidium. Kotonii na spinosum wetu hutoa karajinani.

Kwenye mwani mbichi usiulize ni mweupe kiasi gani, uliza weupe umekaa wapi. Pindua shina. Upande wa juu ukiwa umepauka na wa chini bado wa zambarau, hilo ni jua tu. Maji humeza kwanza mwanga mwekundu. Kijani na buluu ndizo zinazofika chini zaidi, na fikoerithrini, rangi nyekundu ya mwani, imeumbwa kudaka kijani hicho. Penye maji haba mwanga umejaa tele, kwa hiyo mwani hupunguza rangi. Hupauka pia ukikosa naitrojeni, na hapo ute unaweza hata kuongezeka. Lakini ukiona kipande kimoja tu cheupe katikati ya tawi, huku ncha zikiwa na rangi yake, bonyeza. Kikilegea, ni ugonjwa, na tawi litakatikia hapohapo.

Bibi mmoja wa Jambiani, Unguja, hakuhitaji hata kutazama. Alivunja tawi karibu na sikio, lisipolia, alilitupa. Siku hizi watu wanapiga picha.

Mwani mkavu una vumbi jeupe la chumvi, na wasiojua huliita ukungu. Walaghai nao huurushia maji ya bahari kabla ya mizani, au huacha mchanga uongeze kilo. Ulioanikwa mchangani mimi sinunui, hata ukung'utwe vipi. Mwani wa heshima huanikwa juu ya chanja, basi.

Zamani kotonii ilijaa kwenye mambo na kamba za Paje, na bamvua likija pwani nzima ilinukia. Sasa maji ya pwani yamepata joto, kotonii inakufa, na wengi wamebaki na spinosum wa bei ya chini.

Mnunuzi, usipime gunia lolote kabla hujalimwaga lote turubaini. Mzuri huwekwa juu. Wewe kagua wa katikati.