Kimera Watatu: Tuzisomeje Nasaba za Wafalme?

Wanafunzi wetu wa fasihi simulizi wanaporudi kutoka nyanjani, mara nyingi huja na orodha za mababu. Wengine huanza kwa Kintu, wengine kwa Bachwezi. Swali linalojitokeza ni hili: je, orodha hizi ni historia au ni visasili? Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba swali lenyewe limeulizwa vibaya. Nasaba moja huweza kubeba vyote viwili, na kazi ya mhakiki ni kuonyesha mpaka uko wapi. Tutatumia mfano wa jina moja tu, Kimera, anayehesabiwa kuwa Kabaka wa tatu wa Buganda.

Kimera wa kwanza tunampata kwa John Hanning Speke, aliyefika katika ikulu ya Mutesa I mwaka 1862 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1863. Huyu ni mwindaji kutoka Bunyoro aliyekuja na mbwa wake, akapendwa na wenyeji, wakamfanya mfalme. Kabla yake hakuna mfalme mwingine katika orodha hiyo. Kimera wa pili yumo katika kitabu cha Sir Apolo Kaggwa, Katikkiro wa Buganda, kilichotoka mwaka 1901. Hapa Kimera ni mjukuu wa Chwa Nabakka, mwana wa Kintu. Baba yake, Kalemera, alikwenda Bunyoro, akazaa na Wannyana, mke wa mfalme Winyi. Mtoto alikulia huko na baadaye akarudi kutawala nchi ya babu yake. Kimera wa tatu anatoka Bunyoro kwenyewe, na John Nyakatura alimwandika katika kitabu chake cha mwaka 1947. Huyu ni Kato Kimera, pacha mdogo wa Isingoma Mpuga Rukidi, mfalme wa kwanza wa Babito.

Tuanze na lugha. Kato ni jina la pacha wa kiume anayezaliwa wa pili, kama vile Doto anavyomfuata Kulwa. Kwa hiyo jina hilo peke yake ni hoja: linasema Buganda ni mdogo na Bunyoro ni mkubwa. Upande wa pili, simulizi ya Kaggwa inakubali kwamba Kimera alitoka Bunyoro, ila inahakikisha kwamba damu yake ya kifalme ni ya Kintu. Ugeni umekubaliwa, lakini umegeuzwa kuwa kurudi nyumbani. Kila msimulizi ana jambo analolitetea, na ukoo wa Kimera ndio mahali pa kulitetea.

Hata hivyo, tusikimbilie kusema kwamba yote ni uzushi. Tukilinganisha orodha mbalimbali, tunaona kwamba sehemu ya karibu inakubaliana. Kyabaggu, Semakookiro, Kamaanya, Suuna na Mutesa wanafuatana hivyo kwa Speke na kwa Kaggwa pia, ijapokuwa Speke anamruka Junju. Matatizo yanaongezeka kadiri tunavyorudi nyuma. Orodha ya Speke haifiki wafalme kumi; ya Kaggwa inamweka Mutesa kuwa wa thelathini. Tofauti hiyo haimaanishi kwamba Kaggwa alibuni majina. Yeye aliwahoji wazee, na nyuma ya majina hayo kulikuwa na masiro yenye walinzi wake na koo zilizokumbuka binti yao yupi alimzaa Kabaka yupi. Ushahidi wa namna hiyo Speke hakuutafuta. Lakini kaburi lenye jina linathibitisha kwamba jina linaheshimiwa. Halithibitishi peke yake kwamba mwenye jina alikuwa mwana wa anayetajwa kabla yake.

Aidha, kuna mitego miwili ambayo mwanafunzi hana budi kuifahamu. Wa kwanza ni kuhesabu wafalme kana kwamba ni vizazi. Mwanga I, Namugala na Kyabaggu walikuwa ndugu: wafalme watatu, kizazi kimoja. Anayempa kila mmoja miaka thelathini ameongeza miaka sitini isiyokuwepo. Wa pili ni desturi ya kurithi jina. Kila mkuu wa ukoo wa Nkima huitwa Mugema. Basi msimulizi anaposema Mugema alifanya jambo fulani, ni lazima tuulize: Mugema yupi?

Huenda msomaji akauliza mjadala huu una faida gani. Jibu ni kwamba nasaba haikai vitabuni tu. Wilaya ambazo Waingereza waliitwalia Buganda kutoka Bunyoro katika miaka ya 1890 ziliendelea kudaiwa mpaka kura ya maoni ya mwaka 1964, iliyorudisha Buyaga na Bugangaizi Bunyoro. Katika madai kama hayo, swali la nani alikuwa mkubwa na nani mdogo halikuwa ngano ya jioni. Isitoshe, Speke huyo huyo alieneza dhana kwamba watawala wa nchi hizi walikuwa wageni wenye asili ya Uhabeshi. Dhana hiyo ya usuli, iliyokuzwa na wengine baada yake, ilifika Rwanda, na mwaka 1994 wachochezi wa mauaji waliitumia kuwaita Watutsi wageni wanaopaswa kurudishwa walikotoka.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba kila ripoti ya nyanjani yenye nasaba ijibu maswali matatu. Nani alisimulia, na ukoo wake unapata nini kwa simulizi hiyo? Jina hili lilianza kuonekana lini katika maandishi? Na ni ushahidi gani ulio nje ya orodha yenyewe unaoliunga mkono: kaburi, cheo, ukoo wa mama, au simulizi ya jirani asiye na sababu ya kusifu?

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Nasi tunakubali. Lakini asili iliyopokewa bila kuhojiwa nayo humfanya mtu mtumwa wa aliyeisimulia. Kuhusu Kimera, Speke, Kaggwa na Nyakatura wanakubaliana jambo moja tu, kwamba alikuja kutoka Bunyoro. Mwanafunzi aandike hilo kama jambo lenye mashahidi wa pande zote, na yaliyobaki ayaandike pamoja na majina ya waliosema.