Sifa kwa Mrekebisha Alama

Katika mwongozo wa PostgreSQL, programu ya hifadhidata, kuna maneno ya namna mbili ambayo macho ya mgeni hayawezi kuyatenganisha bila msaada. Namna ya kwanza ni maneno ya kuandikwa kama yalivyo, herufi kwa herufi, maana kompyuta haitakubali mengine. Namna ya pili ni maneno yaliyoshika nafasi tu, yakimsubiri msomaji aweke la kwake: jina la jedwali lake, jina la seva yake. Mwandishi wa mwongozo huyatenganisha kwa alama. Katika faili ya chanzo, neno la namna ya kwanza hufungwa ndani ya tagi iitwayo literal, na la pili ndani ya tagi iitwayo replaceable. Ukurasa unapotoka, la kwanza huwa na herufi za upana mmoja kama za taipureta, na la pili herufi za mlazo. Msomaji hazioni tagi zenyewe. Anachoona ni tofauti ya sura ya herufi, na anaiamini kabisa.

Tagi moja ikikosewa, imani hiyo inamponza. Mwanafunzi atafungua jedwali linaloitwa table_name, kwa utii kamili, kwa sababu ndivyo ukurasa ulivyomwelekeza. Sentensi ilikuwa sahihi, na mhandisi aliyeiandika aliijua kazi yake. Kilichodanganya ni alama. Ninaandika kumsifu mtu anayekuja baadaye, akaiona alama hiyo, akairekebisha, akaenda zake.

Kosa la namna hiyo hufika hadi huku kwetu Kongo. Mangobo ni mojawapo ya komini sita za Kisangani, na ndani yake mna zoni ya afya yenye jina hilohilo, moja kati ya zoni 519 za nchi yetu. Ripoti za vituo vya afya, za malaria, uzazi na chanjo, hukusanywa zoni kwa zoni na kuingizwa katika DHIS2, programu inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo ambayo Kongo imeichagua kwa takwimu zake za afya. DHIS2 nayo huhifadhi takwimu hizo ndani ya PostgreSQL. Kwa hiyo mtoto aliyetibiwa malaria Mangobo huingia katika hesabu, na hesabu hiyo hulala katika jedwali la hifadhidata ambayo mwongozo wake ndio huu ninaouzungumzia.

Anayejifunza kutunza majedwali ya namna hiyo huku kwetu mara nyingi hujifunza peke yake. Umeme unaotoka kwenye maporomoko ya mto Tshopo haukai kila saa. Mega za intaneti hununuliwa kwa pesa ya mfukoni. Mtaalamu wa kuulizwa hayuko chumba cha pili. Kijana huupakua mwongozo mzima siku mtandao unapokuwa mzuri, kisha huusoma taratibu, kila betri ya kompyuta inapomruhusu. Aliyezungukwa na wataalamu wenzake hufungua mwongozo ili ajikumbushe jambo analolijua. Kwa kijana huyu, mwongozo ndio mwalimu, na mwalimu huyo akikosea alama moja, hakuna mwingine wa kumsahihisha.

Desturi ya kuandika neno pamoja na alama inayosema neno hilo ni kitu gani ina wazee wake. Mwaka 1969, ndani ya kampuni ya IBM, Charles Goldfarb, Edward Mosher na Raymond Lorie walitunga lugha ya alama iliyoitwa GML, kwa herufi za kwanza za majina yao ya ukoo. Kwa desturi ya wakati ule, maandishi yalibeba maagizo ya sura: hapa weka herufi nene, hapa ruka mistari miwili. Wao walitaka yabebe habari ya kitu chenyewe: hiki ni kichwa cha habari, hii ni orodha; sura itafuata. Kutoka GML ilizaliwa SGML, iliyokuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1986, mwaka uleule ambao Michael Stonebraker na wenzake walianzisha mradi wa POSTGRES huko Berkeley. Miaka kumi baadaye mradi huo ulichukua jina la PostgreSQL, na mwongozo wake ukaja kuandikwa kwa DocBook, msamiati wa tagi ulioanza mwaka 1991 kwa ajili ya vitabu vya kiufundi. DocBook ina tagi ya jina la programu, ya jina la faili, ya amri, ya kigezo. Anayeandika kwa DocBook analazimika kujiuliza, kila afikapo kwenye neno la kitaalamu, hiki ni nini hasa. Mrekebishaji hujiuliza swali hilohilo kwa niaba ya aliyesahau kulijibu.

Makosa yenyewe ni mengi, na kila moja lina tabia yake. Lipo la alama ya ndogo-kuliko, ile tunayoiandika katika ripoti za afya kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Katika XML, lugha ya alama ambayo mwongozo huu hutumia siku hizi, alama hiyo ndiyo inayofungua tagi. Ikiachwa wazi katikati ya mfano, kitabu kizima hakitengenezeki mpaka iandikwe kwa msimbo wake maalumu. Hilo ni kosa lenye heri, maana linapiga kelele. Katika HTML kosa hilohilo hunyamaza: alama ikifuatwa na herufi, kivinjari hudhani ni tagi na kuyameza maneno yanayofuata. Msomaji hupokea mfano uliokatwa katikati, wala haoni mahali ulipokatwa.

Lipo la nyota na mistari ya chini. Nyaraka za DHIS2 siku hizi huandikwa kwa Markdown, lugha nyepesi aliyoitoa John Gruber mwaka 2004, ambamo alama hizo mbili huleta mkazo. Jina la safu kama jumla_ya_wagonjwa lisipofungwa kama msimbo, baadhi ya programu za zamani ziliila mistari yake, likabaki jina la safu isiyokuwepo popote. Kanuni za Markdown ziitwazo CommonMark, zilizotolewa mwaka 2014, ziliuziba mwanya huo wa mistari iliyo ndani ya neno. Nyota bado zina hatari yake: andika bei*idadi*kodi bila kuifunga kama msimbo, nyota zote mbili zitatoweka, neno la kati litalala, na hesabu ya kuzidisha haitaonekana tena kwenye ukurasa.

Lipo la vistari. Chaguo nyingi za amri katika PostgreSQL huanza na vistari viwili, kama --host. Programu ya kupamba maandishi huviunganisha kuwa kistari kimoja kirefu kinachopendeza macho, na amri iliyonakiliwa kutoka kwenye ukurasa hukataliwa. Ndugu yake ni kosa la alama za kunukuu. Zilizopinda zina mahali pake katika riwaya, lakini PostgreSQL hutambua zilizonyooka: moja moja kuzunguka maandishi, mbili mbili kuzunguka majina ya majedwali na safu. Msomaji atakagua kila herufi ya amri yake na kuziona zote ziko sawa, bila kuutilia shaka mkunjo wa alama.

Na lipo la mabano mraba, lililo gumu kuliko yote. Katika muhtasari wa amri, mwongozo huzungushia mabano hayo sehemu isiyo ya lazima. Msomaji haagizwi kuyaandika. Lakini PostgreSQL yenyewe huyatumia mabano hayohayo kutaja kipengele kimoja katika orodha ya thamani, na hapo lazima yaandikwe. Kwa macho ya haraka ni mabano yaleyale. Aliyeweka tagi ndiye anayejua ni yapi ya maelezo na ni yapi ya amri, na akikosea, anayefuata ukurasa ataandika yasiyotakiwa au ataacha yanayotakiwa.

Kilomita kama mia moja ukishuka mto Kongo kutoka Kisangani iko Yangambi, makao ya utafiti wa kilimo tangu enzi ya INEAC, taasisi iliyoundwa mwaka 1933. Hapo panatunzwa mkusanyo wa mimea iliyokaushwa ulio miongoni mwa mikubwa zaidi Afrika ya Kati, kila mmea na kibandiko chake. Jani lisilo na kibandiko humfanya mtafiti asite. Jani lililobandikwa jina la mti mwingine humpeleka mbali akiwa na uhakika. Ndivyo ilivyo tagi potofu, na ndiyo maana mimi huiogopa kuliko tagi iliyokosekana.

Oktoba 2017, Peter Eisentraut, mmoja wa wahandisi wakuu wa PostgreSQL, aliingiza katika chanzo cha mwongozo badiliko ambalo msomaji wa kawaida hakulihisi. SGML ilikuwa ikimruhusu mwandishi kufunga tagi bila kuitaja: mabano ya pembe na mkwaju, basi. Waandishi wa miaka mingi waliupenda ufupi huo. XML, iliyopitishwa na W3C mwaka 1998, haiukubali. Kilichofunguliwa kwa jina hufungwa kwa jina. Ili mwongozo uweze kuhamia XML, zile tamati tupu zilijazwa majina yao, faili baada ya faili. Mafundisho ya mwongozo yalibaki yaleyale, na faili zenyewe zimeendelea kuishia na .sgml. Ila kuanzia hapo, tagi iliyofungwa mahali pasipo pake ilikuwa na jina la kuisuta, na mashine ingeweza kuikamata kabla haijamfikia msomaji. Naistahi kazi ya namna hii. Inahitaji subira kubwa, na anayeifanya anajua tangu mwanzo kwamba watakaofaidika hawatajua kulikuwa na la kufaidika.

Ufundi huu una adabu zake. Ya kwanza ni kutoshika pasipohusika: aliyekuja kurekebisha alama haandiki upya sentensi ya mwenzake, hata kama angeisema vizuri zaidi. Badiliko la alama huenda peke yake, ili anayelihakiki aone mara moja kwamba maana haikuguswa. Ya pili ni kutazama ukurasa uliokwisha kutengenezwa, maana katika chanzo kosa hujificha kati ya tagi nyingi, na kwenye ukurasa hujitokeza. Ya tatu ni kuijaribu amri yenyewe, kuinakili kutoka kwenye ukurasa kama msomaji atakavyoinakili. Ya nne ni kufuatilia ukoo wa kosa. PostgreSQL hutoa toleo kuu kila mwaka na kulitunza kwa miaka mitano, kwa hiyo kosa la leo laweza kuwa limerithiwa na matoleo kadhaa, na pote huko wapo wanaosoma.

Wapo watakaosema kazi hii iachiwe mashine. Mashine ina sehemu yake. Chombo kama xmllint hukagua kama kila tagi imefungwa na kama imewekwa ndani ya tagi inayoruhusiwa. Lakini ukiandika literal palipostahili replaceable, chombo hakitalalamika, kwa sababu kisarufi zote mbili ni halali. Kujua kwamba neno hili ni la msomaji na lile ni la programu kunahitaji mtu anayeielewa amri na anayemfikiria atakayeiandika. Hiyo ni kazi ya huruma iliyounganishwa na maarifa.

Nasi tunaosoma kwa Kifaransa tuna sababu yetu ya ziada. Mwongozo wa PostgreSQL una tafsiri ya Kifaransa, kazi kubwa ya watu wanaojitolea. Mtafsiri hupokea matini pamoja na alama zake, na alama humwambia neno lipi asiliguse. Thamani kama on au default ikikosa tagi katika Kiingereza, husomeka kama neno la kawaida, na mtafsiri mwaminifu anaweza kulitafsiri. Hapo kosa dogo la chanzo huvuka lugha, likawa amri isiyofanya kazi mikononi mwa msomaji wa Kisangani. Mdharau mwiba mguu huota tende, na hapa mwiba wamechomwa wengine, mguu unaovimba ni wetu.

Kwa hiyo sikubali kwamba marekebisho haya ni ya watu wa Oslo na Berkeley peke yao. Mhandisi aliyezoea hupita juu ya alama mbovu bila kuihisi. Maarifa yake hulijaza pengo kabla hajalitambua. Anayesoma peke yake Mangobo hana cha kulijazia, na kila alama mbovu humsimamisha. Kule kukwama anakokuonea haya ndiko kipimo bora cha ukurasa, kipimo ambacho mtaalamu alikwisha kukipoteza. Programu hizi ni huria na chanzo cha nyaraka zake kiko wazi. Kiraka cha mstari mmoja kinagharimu mega chache, na anayekihakiki ana mstari huo mbele yake wa kuupima, yeyote aliyekituma.

Ningependa walimu wa hifadhidata katika vyuo vya Kisangani waifanye kazi hii kuwa zoezi la darasa. Mwanafunzi achukue ukurasa mmoja, aijaribu kila amri iliyomo, na pale amri inapokataa achunguze alama kabla ya kujilaumu. Akikuta kosa ni la ukurasa, alirekebishe kwenye chanzo na kulituma. Atakuwa ameielewa amri hiyo kiasi cha kuweza kusema kila neno lake ni kitu gani, na huko ndiko kuijua. Na mwenzake atakayeufungua ukurasa huo baadaye, awe Lubunga, Goma au Lima, hatapoteza usiku wake pale alipoupoteza yeye.