Monita Isiyowaka: Uchambuzi wa Njia ya Umeme na Ukarabati Wake Nyumbani

Monita ya kompyuta ya aina ya LCD, yaani ile ambayo picha yake hufanywa na tabaka jembamba la fuwele-kimiminika lililobanwa kati ya vioo viwili, mara nyingi huhesabiwa kuwa imekufa siku ile ile swichi inapobonyezwa na kitaa cha mbele kikakataa kuwaka, au kikawaka kwa sekunde chache kisha kikazimika. Hukumu hiyo kwa kawaida hutolewa kwa haraka mno. Kioo chenyewe, ambacho ndicho sehemu ya thamani kubwa kuliko zote, ni nadra kuharibika pasipo kupasuka wala kugandamizwa. Kinachoharibika ni bodi inayokilisha umeme, na ndani ya bodi hiyo aghalabu ni kifaa kimoja au viwili vya bei ndogo sana. Swali la msingi kwa fundi, basi, ni mahali gani hasa katika safari ya umeme, kutoka plagi ya ukutani hadi taa iliyo nyuma ya kioo, nguvu inapotelea. Na ubora wa ukarabati wote hutegemea mpangilio wa vipimo vinavyolijibu swali hilo, kabla chuma cha kulehemu hakijapashwa moto.

Uchambuzi huu unahusu monita za kizazi cha taa za floresenti, zilizoenea katika ofisi, shule na vituo vya intaneti vya Afrika Mashariki katika miaka ya 2000 na ambazo nyingi ziliingia kama mitumba. Ndani ya monita ya namna hiyo mna saketi tatu zinazotegemeana. Ya kwanza ni bodi ya umeme, ambayo hupokea volti 230 za mkondo geu nchini Tanzania, au 240 nchini Kenya, huupitisha umeme huo katika fyuzi na katika daraja la dayodi nne zinazougeuza kuwa mkondo mnyoofu, kisha huuhifadhi katika kapasita moja kubwa, ambamo hufikia volti zipatazo 325 hadi 340, kwa kuwa kilele cha mkondo geu huzidi kipimo chake cha kawaida kwa takriban mara 1.41. Kutoka hapo transista huufungua na kuufunga mkondo huo makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde kupitia transfoma ndogo, na upande wa pili wa transfoma hutoka umeme wa volti za chini: volti 5 kwa ajili ya bodi kuu inayoshughulikia picha, na volti kiasi cha 12 hadi 20, kutegemea muundo, kwa ajili ya saketi ya tatu, inveta. Kazi ya inveta ni kuupandisha tena umeme huo hadi zaidi ya volti 1,000 ili kuiwasha mirija myembamba ya floresenti iliyolazwa kwenye kingo za kioo, na kuendelea kuilisha kwa volti mia kadhaa ikishawaka. Kwa kuwa fuwele-kimiminika hazitoi mwanga wowote zenyewe, mirija hiyo ikizimika picha huendelea kuwapo juu ya kioo lakini gizani.

Ukweli huo wa mwisho ndio unaofanya uchunguzi wa nje uwe na thamani kubwa kuliko unavyodhaniwa. Baada ya fundi kujiridhisha kwamba soketi, waya wa umeme na kebo ya picha ni vizima, kwa kuvijaribu kwenye monita nyingine inayofanya kazi, dalili za kitaa na za kioo hugawa makosa karibu yote katika makundi machache. Kitaa kisichowaka kabisa huelekeza mwanzoni mwa njia, kwenye fyuzi na daraja la dayodi, au kwenye volti 5 zisizofika. Kitaa kinachopepesa, au monita inayojaribu kuwaka na kushindwa mara kwa mara, huonyesha kwamba umeme upo lakini ni dhaifu, kiasi kwamba bodi kuu huanza kazi, huanguka, na kuanza upya. Picha inayoonekana kwa sekunde moja au mbili kisha kutoweka huku kitaa kikibaki kimewaka ni ushahidi kwamba inveta imegundua kasoro upande wa taa na kujizima yenyewe kwa usalama. Katika hali hiyo kurunzi yenye mwanga mkali ikimulikwa kwa mshazari juu ya kioo hufichua herufi na madirisha ya kompyuta kwa ufifi, na kipimo hicho kisicho na gharama huondoa shaka juu ya bodi kuu, juu ya kioo, na juu ya sehemu kubwa ya bodi ya umeme kwa mkupuo mmoja. Ni jambo la kusikitisha kwamba monita nyingi hutupwa bila hata kumulikwa.

Kabla ya kufungua, hatari inapaswa kupimwa kwa hesabu na siyo kwa hofu wala kwa ujasiri. Kapasita kubwa yenye mikrofaradi 120 ikiwa imejaa volti 325 hubeba nishati ipatayo jouli 6, nayo inaweza kubaki na umeme huo baada ya plagi kuchomolewa, hasa pale saketi inayofuata ikiwa imekufa na haina tena kinachoutumia. Volti hizo zinatosha kumdhuru mtu vibaya, na kwa mwenye maradhi ya moyo zinatosha kuua. Mazoea ya kugusanisha miguu ya kapasita kwa bisibisi hayafai, kwani cheche yake huweza kuharibu njia za shaba kwenye bodi na kurusha chembe za chuma iliyoyeyuka machoni. Njia iliyo salama ni kupitisha umeme huo katika rezista ya omu 2,000 hivi yenye uwezo wa wati 10, iliyoshikwa kwa vishikizo vyenye kihami, kwa sekunde chache, kisha kuthibitisha kwa multimita kwamba kilichobaki ni karibu na sifuri. Ufunguaji wenyewe hauhitaji maelezo mengi: stendi huondolewa, skrubu chache za nyuma hufunguliwa, na fremu ya plastiki huachanishwa polepole kwa kadi ngumu ya plastiki ikifuata mzunguko wa kingo, kwa sababu inashikiliwa na ndoano ndogo ambazo bisibisi huzivunja.

Kinachotafutwa kwanza juu ya bodi iliyofunguliwa ni kapasita za elektroliti za upande wa volti za chini, zile za mviringo zenye kifuniko cha alumini kilichokatwa mistari. Mistari hiyo iliwekwa ili kifuniko kipasuke kwa utaratibu gesi inapojaa ndani. Kwa hiyo kifuniko kilichovimba, au chenye ukoko wa kahawia, ni kapasita iliyokwisha kujitangaza. Kazi yake katika saketi inafanana na ya tangi la maji juu ya paa, ambalo hupokea maji yanayokuja kwa vipindi na kuyatoa kwa mtiririko ulio sawa. Tangi likijaa matope, bomba lake likaziba nusu, nyumba haikosi maji kabisa lakini kila anayefungua koki anamnyima mwingine. Kuziba huko kwa kapasita ndiko wataalamu wanakokuita ukinzani wa ndani, na ndiko kunakopotosha mafundi wengi, kwa kuwa multimita ya kawaida hupima ujazo wa kapasita na inaweza kuonyesha mikrofaradi zilizo karibu na zile zilizoandikwa hali ukinzani wa ndani umepanda mara nyingi. Kipimo cha kuaminika zaidi, pale mita maalumu ya ukinzani huo isipopatikana, ni kusoma volti 5 wakati monita inajaribu kuwaka: zikibaki palepale, chanzo kitafutwe kwingine; zikiporomoka au kuyumba bodi kuu inapoanza kuvuta mkondo, kapasita za njia hiyo zimepoteza uwezo hata kama vifuniko vyake bado ni bapa. Kipimo hiki hufanywa umeme ukiwa umeunganishwa, kwa hiyo vichomeo vya mita huwekwa kabla ya plagi, na upande wa volti za juu haukaribiwi kwa mkono.

Sababu ya kapasita hizo kufa inastahili kuelezwa kwa kirefu, maana bila kuielewa ukarabati hugeuka kubadilisha vipuri kwa kubahatisha. Ndani ya kila kapasita mna karatasi iliyoloweshwa majimaji ya kemikali, na joto huyakausha. Kanuni inayotumiwa na watengenezaji ni kwamba umri wa kapasita huongezeka maradufu kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazopungua: kapasita iliyopimwa kwa saa 2,000 katika nyuzi 105 hutarajiwa kudumu takriban saa 32,000 katika nyuzi 65, lakini saa 8,000 tu katika nyuzi 85. Monita inayofanya kazi saa nane kila siku hutimiza saa 8,000 katika muda usiofika miaka mitatu. Hapo ndipo kosa la usanifu linapoonekana, kwa kuwa kapasita nyingi zimesimamishwa sentimita moja au mbili kutoka kwenye bamba la alumini linalopozea dayodi, yaani mahali penye joto kali kuliko pote. Majimaji yakianza kukauka ukinzani wa ndani hupanda, ukinzani huo huzalisha joto jipya ndani ya kapasita yenyewe, na joto hilo huharakisha ukaukaji. Kwa sababu hiyo dalili hukaa kimya kwa muda mrefu kisha huzidi ghafla. Na kwa kuwa ukinzani huo ni mkubwa zaidi kapasita inapokuwa baridi, hueleweka kwa nini monita fulani hugoma asubuhi na kuwaka baada ya kuachwa imechomekwa kwa muda. Watumiaji wengi hulitibu tatizo hilo kwa kutoichomoa kabisa, tiba ambayo inaongeza saa za joto na kukaribisha mwisho wenyewe.

Joto si mshitakiwa pekee. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi katikati ya miaka ya 2000 soko la dunia lilipokea kapasita nyingi, hasa kutoka Taiwan, zenye majimaji yaliyochanganywa vibaya, ambayo yalitoa gesi na kula alumini kutoka ndani, na vifaa vya kampuni nyingi vilikufa kabla ya wakati. Kwa upande mwingine, umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, hali inayofahamika vyema Dar es Salaam, Nairobi na kwingineko, huacha alama za aina tofauti: fyuzi iliyokatika, kizuia msukumo wa volti kilichopasuka, dayodi zilizoungana, transista iliyotoboka. Tofauti hii ni muhimu, kwa kuwa fyuzi haikatiki kwa uzee wa kapasita za volti za chini, na fundi anayekuta fyuzi imekatika akaweka nyingine bila kuuliza, au vibaya zaidi akaunganisha waya mtupu, huuangamiza ushahidi na huenda akaiunguza bodi. Mafundi wazoefu hutanguliza balbu ya zamani ya uzi, ya wati 60 au 100, mfululizo na monita: balbu ikiwaka kwa mwanga wake wote, ndani kuna njia fupi ya umeme, ikimulika mara moja kapasita kubwa inapojaa kisha ikafifia, upande wa volti za juu unaweza kuaminiwa. Balbu za LED za siku hizi hazifai kwa kazi hiyo.

Ubadilishaji wa kapasita una masharti machache yasiyolegezwa. Mpya iwe na mikrofaradi zile zile, volti sawa au zaidi kidogo, daraja la joto la nyuzi 105, na iwe ya aina yenye ukinzani mdogo wa ndani iliyokusudiwa kwa bodi za umeme za namna hii. Kapasita ya kawaida, au iliyong'olewa katika redio kuukuu, itawasha monita kwa muda mfupi tu. Ni busara kubadilisha zote za upande ule kwa pamoja, kwa kuwa zimezeeka katika joto moja. Lehemu isiyo na risasi, iliyotumika katika bodi nyingi za baada ya 2006, huyeyuka kwenye nyuzi 217 hivi, ilhali ile ya kale ya bati na risasi huyeyuka karibu na nyuzi 185, na kwa hiyo kuongeza kidogo ya lehemu ya kale juu ya kiungo kabla ya kukinyonya huokoa vijishimo vya shaba visibanduke. Mstari uliochorwa ubavuni mwa kapasita huonyesha mguu hasi, nao hulinganishwa na mwelekeo wa kapasita ya zamani ulioandikwa au kupigwa picha kabla ya kung'olewa, kwa kuwa kapasita ya elektroliti ikigeuzwa huweza kulipuka.

Pale kapasita zinapokuwa nzima na bado taa zikazimika, uchunguzi huhamia kwenye inveta. Bodi kuu huiamuru inveta iwashe kwa volti chache kwenye waya mmoja wa kiunganishi; amri ikifika na taa zisiwake, kosa liko kwenye inveta au mirija, na isipofika, kosa liko kwenye bodi kuu. Transfoma za inveta, ambazo kwa kawaida ni mbili au zaidi zinazofanana, hupimwa ukinzani wa nyaya zake na kulinganishwa, na ile inayotofautiana sana na wenzake ndiyo mbovu. Mrija uliozeeka huwa na weusi kwenye ncha zake na rangi ya waridi unapowashwa. Hutolewa kwa uangalifu mkubwa, kwa kuwa ni mwembamba na una zebaki, na ukivunjika chumba hufunguliwa madirisha na vipande huokotwa kwa karatasi na kufungwa, bila kufagiwa.

Monita za taa za LED, zilizochukua nafasi ya floresenti kuanzia miaka ya 2009 na 2010, hazina inveta ya volti elfu moja, na nyingi hupata umeme wake kutoka adapta ya nje ya volti 12 hadi 19, jambo linaloondoa hatari kubwa kutoka ndani ya kasha. Kurunzi, hata hivyo, bado hufichua picha iliyofichwa na giza, volti zinazoyumba chini ya mzigo bado huelekeza kwenye kapasita, na adapta yenyewe ndiyo ya kwanza kupimwa, ikiwa imeunganishwa na monita, kwa sababu adapta dhaifu huonyesha volti kamili pale tu isipokuwa na kazi.